Kabla Hujasema Ni Jini, Uliza Ilianza Lini





Juzi dada mmoja ameniandikia. Anasema siku hizi anapotea. Anabandika wali, kisha anashtuka umeungua na hakumbuki muda wote ule alikuwa wapi. Mtoto akimshika mkono, anahisi kama mkono ule si wake. Mama yake amefariki miezi michache nyuma na hajatoa hata chozi moja. Amesoma mahali kwamba kuna hali ya fahamu kujitenga na mtu mwenyewe. Akamalizia kwa maswali matatu: Ustadhi, je, ndiyo hiyo? Au ni jini? Au moyo wangu umekufa?

Nilikaa na ujumbe ule siku mbili bila kujibu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Niliwahi kuulizwa jambo kama hili, nikajibu haraka, na jibu langu likamuumiza mtu. Kwa hiyo dada yangu, na wewe unayesoma, kabla sijakupa maoni yangu, nisikilize kwanza nilivyokosea.

Wanaoijua pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi mpaka Matema, wanaujua upepo wa mwera. Unatoka kusini, na ziwa letu ni refu, zaidi ya kilomita 550. Wimbi likianza huko chini lina nafasi ya kukua njia nzima mpaka linapotufikia sisi wa Kyela huku juu. Usiku mmoja ndugu wawili walitoka na mtumbwi na taa kutafuta usipa. Mwera ukawakuta huko. Alfajiri alirudi mmoja, amekumbatia ubao. Mdogo wake alipatikana siku ya tatu. Nilikuwa miongoni mwa waliomswalia.

Huyu aliyerudi (ameniruhusu nimsimulie, na nimebadilisha baadhi ya mambo asitambulike) msibani alikuwa imara mno. Alichimba kaburi, akapokea wageni, akagawa chakula. Watu wakamsifu: kijana ana subira huyu. Mimi pia nilimsifu, tena mbele za watu.

Miezi ikapita. Siku moja akajikuta yuko sokoni Ipinda, na hakumbuki alifikaje. Akawa anaitwa mara tatu haitiki. Akiongea na mama yake, anasema, sauti ya mama inatoka mbali kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya maji. Akaanza kupoteza hesabu ya rakaa. Nyumbani kila mtu akawa na jibu lake. Mama akasema amerudi na jini wa ziwani. Mjomba akasema ni bangi. Vijana wenzake wakasema anajifanya ili asirudi kazini.

Baada ya Isha akanijia mimi. Nikamsikiliza kama dakika tano, nikamwambia: imani yako imeshuka, zidisha istighfari, na kila ukihisi hali hiyo inakuja, kimbilia maji utawadhe, shetani atakimbia.

Akafuata kama nilivyomwambia. Hali ikawa mbaya zaidi. Baada ya wiki mbili tatu akaacha kuja msikitini kabisa. Na mimi, Allah anisamehe, Ijumaa moja nikapanda mimbari nikawasema vijana wanaoikimbia swala. Aliyekuwa akilini mwangu ni yeye.

Baadaye mama yake aliniomba nikamsomee ruqya. Nikaenda, nikasoma. Alikaa kimya, ametulia, hakupiga kelele, hakuanguka. Dada yake mkubwa akasema kwa unyenyekevu, "Ustadhi, hospitali je?" Tukampeleka, mimi nikiwa mmoja wa waliomsindikiza. Tabibu aliyempokea hakusema mengi. Aliuliza mambo mawili tu. La kwanza: ilianza lini? La pili: hutokea zaidi ukiwa unafanya nini?

Kijana akafikiri kidogo, akasema: "Nikinawa uso."

Wallahi, ndugu zangu, nilitamani benchi lile linimeze. Maji baridi usoni ndiyo yaliyokuwa yanamrudisha ziwani, usiku ule, mkono wa mdogo wake ukimteleza. Na mimi ndiye niliyemwagiza ayakimbilie mara tano kwa siku na zaidi. Alipoona dawa ya Ustadhi inazidisha ugonjwa, akajua moyoni mwake kwamba Allah amemkataa. Ndiyo maana aliacha swala. Hakuikimbia swala kwa kiburi. Alidhani ameshafukuzwa.

Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza ilianza lini. Wala mimi sikumuuliza.

TUJIFUNZE KWA MASWAHABA

Tangu siku ile nimerudia kusoma yaliyotokea Madina mwaka wa 11 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipofariki. Umar bin al-Khattab, jabali lile, alisimama msikitini akakana kwamba Mtume amekufa, akasema amekwenda kwa Mola wake kama alivyokwenda Musa na atarudi. Kisha akafika Abu Bakr, akawasomea watu aya ya 144 ya Surat Aal Imran. Watu wakawa kama hawajapata kujua kwamba aya ile imeteremshwa, mpaka walipoisikia kwake siku hiyo. Umar miguu ikamwisha nguvu, akaanguka chini. Mengi ya haya yamo katika Bukhari. Fikiria vizuri: waliisahau aya waliyoishi nayo! Je, imani yao ilikuwa ndogo? Au ni jini? Ulikuwa mshtuko, nao wakati mwingine hufunga hata mlango wa kumbukumbu.

Na kuna kisa kingine kilichopokewa katika Musnad ya Imam Ahmad. Katika isnadi yake yuko mpokezi asiyetajwa jina, kwa hiyo nakileta kwa tahadhari hiyo. Uthman bin Affan anasimulia kwamba katika siku zile za huzuni alikuwa amekaa kivulini, Umar akapita na kumtolea salamu, naye hakuitika. Umar akaenda kushitaki kwa Abu Bakr. Wakaja pamoja kumuuliza. Uthman akasema hakufanya hivyo. Umar akasisitiza kwamba amefanya, tena akakiita ni kiburi cha ukoo wa Bani Umayya. Uthman akaapa kwa Allah kwamba hakuhisi kabisa kama Umar amepita wala kama ametoa salamu. Hapo Abu Bakr akasema Uthman ni mkweli, kuna jambo limemshughulisha. Kisha akamuuliza ni jambo gani.

Tazama tofauti ya watu wawili, wote wema, wote wa peponi. Mmoja aliona mtu haitiki salamu, akaipa hali ile jina: kiburi. Mwingine alimsadiki mwenye shida, akauliza ana nini moyoni. Tuwe wakweli, majumbani mwetu akina nani wengi zaidi? Mke akipitiwa, tunasema ana mtu. Mtoto akizubaa darasani, tunasema mtukutu. Kijana akipotea njia, tunasema bangi au jini. Tunatoa jina kabla ya kuuliza.

HALI HII NI NINI?

Mimi si daktari. Nakueleza kwa kadiri nilivyojifunza kwa wenye elimu yao.

Kiswahili chetu kimeijua hali hii zamani. Tunasema nimepitiwa. Tunasema amepigwa na bumbuwazi. Tunasema mwili upo, roho haipo. Tunasema moyo umekufa ganzi. Wataalamu wa nafsi wanaiita disosiesheni, yaani fahamu kujitenga: kumbukumbu, hisia, mwili na utambuzi, vitu ambavyo kwa kawaida hutembea pamoja, vinaachana mikono. Daktari Mfaransa Pierre Janet aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1889, na tangu wakati huo limechunguzwa kwa askari wa vitani, waliobakwa, watoto waliopigwa na kuteswa, na walionusurika ajali.

Inakuja kwa sura mbalimbali. Mwingine anapoteza kipande cha muda. Mwingine anajiona kama anajitazama kwa nje. Mwingine anauona ulimwengu kama ndoto, au kama yuko nyuma ya kioo. Mwingine hasikii furaha wala huzuni. Na mara nyingi anajua kwamba ni "kama", anajua mkono ni wake ingawa hauhisi hivyo, na kujua huko ndiko kunakomtisha aseme, nakuwa kichaa.

Mkulima wa mpunga wa Kyela atanielewa kwa urahisi. Mvua ikizidi na maji yakaja kwa nguvu, unauziba mdomo wa mfereji ili mpunga usisombwe. Hapo umefanya la busara. Lakini mafuriko yakiisha na wewe hujazibua, mpunga ule ule uliouokoa utakufa kwa kukosa maji. Nafsi nayo iko hivyo. Uchungu ukizidi uwezo wake, hufunga mlango. Naiona hiyo kuwa ni rehema katika maumbile ya Allah. Kijana yule asingeweza kuchimba kaburi la mdogo wake kama asingekufa ganzi siku ile. Shida ni pale mlango unapobaki umefungwa miezi na miaka, hata furaha ya mwanao haiingii.

Sasa usijitie hofu bure. Kupanda bodaboda kutoka Ipinda hadi Kyela mjini ukashuka hukumbuki njia, hilo linampata kila mtu. Kusahau ulipoweka funguo hakuna ugonjwa. Chukulia kwa uzito pale inapojirudia, pale unapopoteza saa nzima au siku, pale unapojikuta mahali hujui ulifikaje, au pale kazi, ibada na ndoa vinapoanza kuharibika.

Na wala usijipachike jina mwenyewe kwa kuwa umeona video ya dakika moja. Swali lako, "je, ni hiyo?", ni zuri kama mlango wa kuingilia, wala usilifanye hukumu. Kwa sababu kusahau na kufa ganzi kuna sababu nyingi.

ANZA NA MWILI

Kifafa, kwa mfano, si kuanguka na kutoa povu tu. Kipo cha kuzubaa dakika moja mbili, macho yametulia, midomo inatafuna, kisha mtu anarudi na hakumbuki kitu. Huko Mahenge, Dakta Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, akakuta wagonjwa waliofichwa na kuogopwa, na dawa zikawasaidia wengi wao. Ni watu wangapi leo wanapigwa makombe na kufukizwa ubani kumbe wanahitaji kidonge?

Kuna sukari kushuka au kupanda. Kuna malaria inayopanda kichwani. Kuna jeraha la kichwa la ajali ya pikipiki lililopuuzwa. Kuna ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa damu, baadhi ya dawa, pombe, bangi, na kukosa usingizi kwa muda mrefu. Kuna sonona, ambayo nayo hufisha hisia na kuvuruga kumbukumbu. Kwa mzee, huenda ni ubongo unachoka. Yote haya hutayajua kwa kukisia, wala mimi siyajui kwa kukutazama.

Basi chukua daftari. Andika: ilianza lini, kabla yake kulitokea nini, hukaa kwa muda gani, hutokea ukiwa wapi na ukifanya nini, nani alikuona na aliona nini, unalala saa ngapi, unatumia dawa gani. Nenda nalo hospitali. Kyela tuna Hospitali ya Wilaya. Upande wa Matema ipo hospitali ya Walutheri, na mgonjwa Mwislamu kutibiwa huko hakuna ubaya wowote. Ikihitajika zaidi, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Sema wazi kwamba unataka kuonana na wa afya ya akili. Usiogope neno hilo. Wengi wanadhani ukilitamka unapelekwa Mirembe kufungiwa. Kijana wetu alitibiwa kwa kuzungumza na kwa miadi ya kurudi, akilala nyumbani kwao.

Lakini usingoje miadi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, ukiona degedege, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla, homa pamoja na kuchanganyikiwa, maumivu ya kichwa makali yaliyoanza ghafla, au mtu akisema anataka kujiua. Hilo la mwisho likisemwa, usimwache peke yake hata dakika moja, na usianze kumhutubia.

NA JINI JE?

Najua swali hili linanisubiri. Sisi Waislamu tunaamini kuwepo kwa majini, Qur'ani imethibitisha. Tunaamini ruqya kwa aya na dua zilizothibiti. Sitakuja hapa nikanushe dini yangu ili nionekane msomi.

Lakini kuamini kwamba majini wapo ni jambo moja, na kusema huyu hapa ana jini ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili ni madai juu ya ghaibu. Umeyajuaje? Wengine wetu tunaojiita wasomaji tumefanya kila msahaulifu kuwa na jini, kila mwenye ganzi kuwa amerogwa na jirani. Familia zinavunjika, kuku na mbuzi wanauzwa, dada na dada hawasalimiani, na mgonjwa yuko pale pale.

Msimamo wangu ni huu: soma ruqya, na nenda hospitali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha dua, na ametuamrisha kutafuta tiba, akatueleza kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Hizo si njia mbili zinazogombana. Lakini msomaji akikuambia acha dawa za hospitali, au akataka kumpiga mgonjwa, kumfunga kamba, kumnyima chakula, kukaa faragha na mwanamke, huyo mkimbie. Mtu ambaye shida yake ilianza kwa kuumizwa, utamponyaje kwa kumuumiza tena?

Na wala usiseme tiba ya nafsi ni mambo ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya miili na nafsi, akaeleza huzuni, hofu na wasiwasi na jinsi ya kuvitibu. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Kairo, karne ya 13, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Elimu hii ilikuwa yetu, tukaiacha ikapotea.

MOYO WAKO HAUJAFA

Dada yangu, hili ndilo swali lako la tatu, na ndilo lililoniumiza zaidi. Unadhani kwa kuwa hukulia, moyo wako umekufa.

Fungua Surat al-Qasas, aya ya 10. Mama yake Musa amemtia mwanawe mtoni kwa amri ya Mola wake. Qur'ani inasema nini juu ya moyo wake asubuhi ile? Inauelezea kuwa ulikuwa mtupu. Wafasiri wengi wamesema: mtupu wa kila kitu isipokuwa Musa. Mtupu. Na huyu ni mwanamke ambaye Allah alimpa ilhamu na akamwahidi. Allah hakumlaumu kwa utupu ule. Aliufunga moyo wake kwa nguvu kutoka kwake, kisha akamrejeshea mtoto.

Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakawa meupe. Mtume wetu alibubujikwa na machozi kwa mwanawe Ibrahim, akasema hayo ni rehema. Mama yake Musa moyo ulibaki mtupu. Wote ni vipenzi vya Allah. Kilichokatazwa msibani ni kupiga mayowe, kuchana nguo na kulalamikia qadari. Machozi hayakukatazwa, wala kukosa machozi si dhambi. Na sisi masheikh tumekosea hapa: tumewaambia watu "jikaze" na "usilie" mpaka tukaziita ganzi zao subira. Nilimsifu yule kijana kwa subira siku aliyokuwa anazama nchi kavu.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua jambo hili kwa njia yao. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na mumewe Godfrey kati yao miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1957 kwamba watu walihofia mfiwa asiyetimiziwa taratibu za msiba atarukwa na akili. Taratibu zile tunazo zetu za sharia, sizifuati za jadi. Lakini macho yao yaliona kweli: msiba usiopewa nafasi yake hauondoki, hutafuta mlango mwingine.

Na tukumbuke pia nchi yetu ni ya maji. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Spice Islander, usiku wa Septemba 10, 2011, karibu na Nungwi. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, pale Ukara. Tulihesabu maiti, tukaswali, tukalia. Walionusurika tukawaambia "mshukuru Mungu" na tukawaacha waende nyumbani. Wangapi kati yao bado wananawa uso na kurudi majini?

KUHUSU IBADA YAKO

Usiache swala kwa sababu unapotea ndani yake. Ukitia shaka kati ya rakaa tatu na nne, jenga juu ya chache zaidi, kamilisha, sujudu sijda mbili za kusahau. Mtume mwenyewe aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya nne, Dhul-Yadayn akamuuliza, akarudi akakamilisha. Ukiisahau swala yote, iswali unapokumbuka. Ukiweza, swali pembeni ya mtu, umfuate. Na kama umepotewa na fahamu kabisa kwa muda mrefu, au umetamka jambo zito kama talaka ukiwa katika hali hiyo, mpelekee mwanachuoni umweleze yote, usijihukumu mwenyewe wala usihukumiwe na majirani.

Kijana wetu, kwa ushauri wa tabibu na baada ya mimi kumuomba radhi, alianza upya hivi: maji ya uvuguvugu kwenye birika, kidogo kidogo, mimi nimekaa kando yake. Akianza kwenda mbali, namuuliza: uko wapi? Anajibu: niko uani, kwa Ustadhi, miguu yangu iko juu ya jiwe. Kuutaja mguu na jiwe si dhikri ya udhu, tusichanganye. Ni namna ya kumrudisha hapa. Siku ya kwanza tuliishia viganja. Uso ulichukua wiki kadhaa.

Leo anaswali safu ya pili. Hajarudi kwenye mtumbwi, anaanika usipa ufukweni na kuuza. Bado siku nyingine anapitiwa, mwera ukivuma hasa. Siku moja mwaka huu, katikati ya kuanika samaki, alianza kulia. Akalia mpaka jua likazama. Mama yake akanipigia simu kwa hofu. Nikamwambia, mama, mwache alie, kaa naye tu.

Basi dada yangu, sijui kama yako ni hiyo. Huenda ndiyo, huenda ni sukari, huenda ni sonona, huenda ni uchovu wa mama aliyelea watoto na kuuguza mzazi kwa pamoja. Ninachokijua ni kwamba moyo unaouliza kama umekufa haujafa. Nenda kapimwe. Chukua mtu mmoja unayemwamini umwambie yote. Na wewe mume, mama mkwe, ustadhi mwenzangu unayesoma hapa: akija mtu wa namna hii, funga mdomo kwanza. Msadiki, kama Abu Bakr alivyomsadiki Uthman. Kisha muulize, taratibu: ilianza lini?

Tunamuomba Allah atuondolee hamu na huzuni, awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, awarehemu waliochukuliwa na maji, na anisamehe mimi kwa kila neno nililomwambia mja wake bila elimu. Aamin.

Msambazie mwenzako ujumbe huu, hasa yule anayenyamaza siku hizi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.